Presha ilikaa sawa nikaacha dawa. Mbona imerudi?

"Daktari, pole na kazi. Nina miaka 48, mama wa watoto watatu. Miezi mitano iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, nikapima presha kwa kuwa tu nilikuwa pale, ikasoma 158/98. Nikarudishwa siku nyingine mbili, bado iko juu, nikaanzishiwa amlodipini miligramu 5 kila siku. Baada ya miezi miwili ikawa 128/82. Nilifurahi, na kwa vile miguu ilikuwa inanivimba jioni mpaka viatu vinabana, nikaacha dawa. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri kabisa. Sasa ni wiki ya sita, juzi nimepimwa ni 162/100, ila siumwi popote, hata kichwa. Nimenunua mashine ya nyumbani nayo inanichanganya: asubuhi 149, dakika mbili baadaye 138, jioni 155. Huwa narudia hadi nipate inayonipa amani. Dada yangu anasema dawa ya presha ukishaizoea ndiyo basi, mwili hauwezi tena bila hiyo, bora kitunguu saumu na kupunguza chumvi. Mama yetu alipata kiharusi akiwa na miaka 61. Situmii dawa nyingine yoyote zaidi ya diklofenaki ya magoti, karibu kila siku tangu mwaka jana. Na presha niliwahi kuwa nayo kwenye mimba ya mwisho tu, ikaisha nilipojifungua. Mume wangu ananiambia nicheke nipunguze mawazo, nikimjibu ananitania kwamba kelele zangu za kukoroma ndizo zinampa yeye presha. Nirudie dawa, au nijaribu kwanza bila dawa?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe kwa sababu najua ndilo ulilolifuata. Kwa namba hizo, na kwa yaliyompata mama yenu, usijaribu kwanza bila dawa. Rudi kwa aliyekuandikia ndani ya wiki hii. Huenda dawa isiwe ileile wala dozi isiwe ileile, maana miguu kuvimba ni lalamiko la haki linalotakiwa kushughulikiwa, lakini 162/100 si namba ya kuiacha ikae huku tukipima uwezo wa kitunguu saumu. Hilo likishaeleweka ndipo tuzungumze kwa nafasi, kwa sababu katika maelezo yako kuna mambo matatu uliyoyataja kwa kupita tu, nami nimeyarudia kuyasoma: diklofenaki, mimba ya mwisho, na huko kukoroma.

Kwanza lile linalokusumbua, kwamba presha ilikaa sawa kisha ikarudi. Ulipoona 128/82 uliisoma kama habari ya mwili wako. Ilikuwa habari ya kidonge.

Figo zako mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote huyarudisha kwenye damu. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili. Ni katika kazi hiyo ya kuchuja na kurudisha ndiko presha ya muda mrefu inakopangwa. Kwa mtu asiye na tatizo, presha ikipanda kidogo figo hutoa chumvi zaidi, maji yanaifuata chumvi, ujazo wa damu unapungua na presha inateremka. Ni kama mlinzi aliyekaa kwenye koki usiku na mchana. Kwa mtu mwenye presha ya kupanda mlinzi huyo yupo bado, anafanya kazi kwa bidii, ila alama anayoilinda imesogezwa juu. Zamani alianza kufungua koki mapema. Sasa anaona 150 na ushee ndiyo kawaida, haoni sababu ya kunyanyuka. Amlodipini haimgusi mlinzi. Inalegeza misuli iliyo kwenye kuta za mishipa midogo, njia inapanuka, na presha inashuka maadamu dawa imo mwilini. Dawa ikiisha, mlinzi anarudisha presha kwenye alama yake.

Hapo utaona kwamba dada yako ameshuhudia jambo la kweli akalipa maelezo yasiyo yake. Ni kweli wengi wakiacha dawa presha hupanda. Lakini kama mwili ungekuwa umenaswa na dawa, presha ingeruka kupita pale ilipoanzia, nawe ungejisikia vibaya siku za mwanzo. Yako ilianzia 158, imerudi 162. Hiyo ni palepale. Zipo dawa chache za presha ambazo kweli hazifai kukatizwa ghafla. Klonidini ni mfano mmoja, na zile za kupunguza mapigo ya moyo, kama atenololi na propranololi, ni kundi jingine. Hizo zikiachwa kwa mkupuo presha au moyo vinaweza kuruka. Amlodipini haimo humo. Inatoka mwilini polepole mno: nusu yake huhitaji zaidi ya siku moja, mara nyingine karibu mbili, kuondoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza ulijiona mzima. Ulikuwa bado unaishi kwa mabaki ya vidonge vya wiki iliyotangulia.

Unasema huumwi popote, na ninahisi hilo ndilo lililokupa ujasiri. Nakuelewa. Magonjwa mengine yote yametuzoesha kwamba mwili hulalamika kwanza, ndipo sisi tunapofuata na dawa. Presha haina adabu hiyo. Wengi wenye 160 hawahisi lolote, na wengi wanaohisi kichwa kizito, shingo kukaza au moyo kwenda mbio wakipimwa hukutwa na presha ya kawaida kabisa. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Kila pigo likibisha kwenye ukuta wa mshipa kwa nguvu iliyozidi, ukuta hujihami kwa kuwa mnene na mgumu, na hapo njia inakuwa nyembamba na presha inazidi kupanda. Moyo nao hunenepa kwa upande wa kushoto kama msuli wa mbeba mizigo, jambo ambalo kwa moyo si sifa. Mishipa midogo ya ubongo, ya macho na ya figo huharibika kimyakimya kwa miaka. Kwa watu wa kati ya miaka 40 na 69, kila namba ya juu (ile ya kwanza, kama 162 kwenye 162/100) inapoongezeka kwa 20, uwezekano wa kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa maradufu. Hesabu hiyo haiulizi kama kichwa kilikuwa kinauma.

Niruhusu nikupeleke pembeni kidogo. Mwezi wa Machi 1944 daktari wa moyo alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akakuta 186/108. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba mtu akikua mishipa yake inahitaji presha kubwa zaidi ili damu ifike, na kwamba kuishusha ni kumdhuru. Isitoshe, dawa za maana hazikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na miaka 63, alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya, akaanguka, akafa siku hiyohiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Presha yake saa hizo za mwisho ilizidi 300 kwa namba ya juu. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu ile imani haijafa. Kila wiki mtu huniambia kwamba 150 "kwa umri wangu ni sawa". Ni kweli kwamba huwapata wengi wa umri huo, ila kuenea kwake hakupunguzi madhara yake.

Sasa, kwa nini wewe, na kwa nini sasa hivi? Kuanzia miaka ya arobaini mishipa mikubwa hupoteza ule mvuto wake wa mpira. Mshipa laini hutanuka moyo unaposukuma na kurudi moyo unapopumzika; mshipa mgumu hautanuki, kwa hiyo namba ya juu hupanda. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikisaidia kulegeza mishipa huanza kupungua hedhi inapokaribia kukoma, na wengi huongezeka uzito kipindi hichohicho. Halafu kuna urithi, ambao kwa mama mwenye kiharusi hatuwezi kujifanya hatuuoni.

Na ile mimba. Umesema presha ilikuwepo "kwenye mimba ya mwisho tu, ikaisha". Ilishuka, ndiyo. Lakini mimba ni mtihani mgumu kwa mishipa ya damu, na mwanamke ambaye presha yake ilipanda akiwa mjamzito ana uwezekano mara mbili au zaidi wa kupata presha ya kudumu baadaye kuliko mwenzake ambaye haikupanda. Hili akina mama wengi hawaambiwi siku ya kutoka wodini. Wangeambiwa wangepima kila mwaka, na wewe pengine ungegundulika miaka kadhaa nyuma, bila kungoja kumsindikiza mdogo wako. Si kosa lako. Ila mwambie daktari wako, kwa kuwa hilo linabadilisha namna ya kukufuatilia, na kama uliwahi kupoteza protini kwenye mkojo wakati ule, litaje pia.

Niseme wazi kuhusu diklofenaki, maana nadhani ndiyo iliyojificha nyuma ya nusu ya hadithi yako. Watu hawaihesabu kuwa dawa. Ni "ya magoti tu". Dawa za jamii hii, pamoja na ibuprofeni, huzuia kemikali ambazo mwili huzitumia kuleta maumivu, lakini kemikali zilezile huzisaidia figo kutoa chumvi. Ukizizuia kila siku, figo hushika chumvi na maji. Presha inapanda, na miguu inavimba. Umeona? Ulimlaumu mshitakiwa mmoja, kumbe walikuwa wawili. Tena kwa matumizi ya kila siku diklofenaki peke yake huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, jambo ambalo mtu mwenye presha na historia kama yako hana nafasi nalo. Na endapo kesho daktari ataamua kukupa dawa ya presha ya kundi la losartani au enalaprili pamoja na ya kukojoza, kuchanganya na diklofenaki juu yake kunaweza kuziumiza figo kwa kasi, hasa siku ukiharisha au ukikosa maji.

Magoti nayo yanauma, siwezi kukuambia uvumilie tu. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, na kwa goti inafaa vizuri. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, yakifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hupunguza maumivu kwa watu wengi baada ya wiki kadhaa. Ni ya kuchosha mwanzoni na watu huyaacha upesi, nakuonya mapema. Parasetamoli ni salama zaidi kwa siku moja moja, lakini hata yenyewe ikimezwa dozi kamili kila siku kwa wiki mbili imeonekana kupandisha presha kidogo, na vile vidonge vinavyoyeyuka kwa povu kwenye maji vina sodiamu nyingi, ileile iliyomo kwenye chumvi, kwa hiyo viepuke.

Turudi kwenye miguu. Amlodipini hupanua mishipa inayoleta damu kwenye tishu kuliko inavyopanua ile inayoiondoa. Damu inaingia kwa wingi, inatoka kwa taabu, na majimaji yanavujia pembeni. Mvuto wa dunia unayapeleka kwenye vifundo vya miguu. Mara nyingi uvimbe huu hauna maana kwamba moyo au figo zimeshindwa, ingawa daktari anapaswa kukagua hilo kabla ya kulitupilia mbali. Kwa sababu chanzo chake si maji kuzidi mwilini, dawa ya kukojoza haisaidii sana uvimbe huu. Kinachosaidia ni kupunguza dozi hadi miligramu 2.5 na kuongeza dawa ya kundi la losartani au enalaprili, ambayo hupanua upande wa pili wa njia na kuusawazisha. Wapo wanaohitaji kuiacha amlodipini kabisa na kuhamia kundi jingine. Njia zote hizo ni halali. Ulichokosa ni mtu wa kumwambia "miguu inavimba" kabla hujaamua peke yako.

Ujue basi kidogo kuhusu makundi hayo, usije ukaingia kliniki ukakubali chochote bila kuelewa. Enalaprili na jamaa zake huleta kikohozi kikavu kinachokera kwa baadhi ya watu. Kikitokea hakiponi kwa dawa ya kikohozi, unabadilishiwa kwenda losartani au ndugu zake. Mara chache sana dawa hizi, hasa za enalaprili, huvimbisha midomo na ulimi. Ukiona hivyo ni hospitali moja kwa moja. Makundi haya mawili hayatumiki kabisa kwenye ujauzito, kwa hiyo kama bado unapata hedhi, hata kwa kurukaruka, mwambie daktari. Dawa za kukojoza za dozi ndogo ni za zamani na zinafanya kazi vizuri, ila zinaweza kushusha madini ya potasiamu au sodiamu kwenye damu na kuamsha gauti (maumivu makali ya viungo). Dawa za kupunguza mapigo ya moyo siku hizi haziwi chaguo la kwanza mpaka kuwe na sababu nyingine ya moyo. Na usishtuke ukipewa dawa mbili za dozi ndogo badala ya moja ya dozi kubwa. Wagonjwa husikia "mbili" wakadhani hali imekuwa mbaya. Ukweli ni kwamba kuongeza dozi ya dawa moja maradufu hushusha presha kidogo tu zaidi huku madhara yakiongezeka, wakati dawa mbili zinazoshika njia tofauti hushusha zaidi kwa madhara machache. Kwa presha iliyofika 160, dawa mbili mara nyingi ndio mwanzo unaofaa.

Mashine yako haijaharibika. Presha hubadilika kila dakika. Hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20, hupanda unapoamka, unapobishana, unaposikia simu ya mkopo. Namba moja haina maana kubwa. Tunachotafuta ni wastani, na wastani unahitaji upimaji usio na upendeleo. Wewe unarudia hadi upate inayokupa amani, na nakiri nimecheka, kwa sababu nimewaona hata madaktari wenzangu wakifanya hivyo kwa presha zao. Ukipima mara sita ukaandika ya chini kuliko zote, umejipimia matumaini.

Fanya hivi kwa siku saba. Asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, na jioni kabla ya kulala, nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kwa nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umetulia, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, ukae kimya dakika tano. Kimya hasa, kuongea peke yake kunaweza kuongeza namba ya juu kwa 10. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, usifungwe juu ya nguo, na mkono uwekwe mezani mkanda ukiwa usawa wa moyo. Hili la mkono watu hulipuuza: kila sentimita 10 mkono unapokuwa chini ya moyo, mashine inaongeza karibu 8 zisizo zako. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili zilivyo. Siku ya kwanza itupe, kwa sababu wasiwasi huipandisha, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya kupanda, ukilinganisha na 140/90 ya kliniki.

Hakikisha pia ukubwa wa mkanda. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo husoma presha kubwa kuliko iliyopo, na mkanda wa kawaida unaokuja na mashine hautoshi kila mtu. Vipimo vya mduara wa mkono huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mashine za kifundo cha mkono mimi sizipendi, ni rahisi mno kukosea nazo. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu tumia siku zote ule unaosoma juu; tofauti ikizidi 15 kila mara, daktari aijue. Hizi 149, 138 na 155 zako, hata kwa upimaji mbovu, hakuna hata moja iliyo chini ya 135. Mashine inakuchanganya kwa kiasi, lakini kwa jambo la msingi inasema neno lilelile.

Chumvi dada yako yuko sahihi kuitaja, ila afadhali ujue kila hatua isiyo ya dawa hushusha kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, na watu wengi duniani hula karibu mara mbili yake. Ugumu ni kwamba nyingine haitoki kwenye kikopo cha mezani. Imo ndani ya mkate, soseji, supu za pakiti, vidonge vya kuungia mchuzi. Ipo chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Katika utafiti wa China uliochapishwa 2021, kwa watu karibu 21,000, ilipunguza viharusi kwa asilimia 14. Lakini ukiwa na ugonjwa wa figo, au ukitumia losartani, enalaprili au spironolaktoni (dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini), potasiamu inaweza kupanda hadi kuusumbua moyo, kwa hiyo usiinunue kabla ya kipimo cha damu. Uzito ukipungua kilo moja, namba ya juu hushuka kwa takriban 1. Kutembea kwa kasi, au kuendesha baiskeli au kuogelea kama magoti yanakataa, jumla ya dakika 150 kwa wiki, huondoa kama 5, kwa wengine zaidi. Matunda, mboga na jamii ya maharage huongeza potasiamu ya chakula, nayo huzisaidia figo kutoa chumvi. Pombe kama unatumia, kila ikipungua ni faida. Ukiyafanya yote kwa dhati unaweza kushusha 10 au hata 15. Kutoka 162 unafika 147 na ushee. Ndiyo maana nasema yaende pamoja na dawa, yasiingie badala yake. Na yatakusaidia baadaye dozi iwe ndogo.

Kitunguu saumu kina athari ndogo ya kweli kwenye presha, isiyotabirika, na hakuna anayejua umemeza kiasi gani leo ukilinganisha na jana. Kula kama kiungo. Sina ugomvi na vitu vya asili: kaptoprili, ndugu mkubwa wa enalaprili, ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaka. Tofauti ni kwamba yule nyoka alifanyiwa kazi kwa miaka mingi hadi ikajulikana miligramu ngapi zinafanya nini.

Mume wako anatania kuhusu kukoroma, mimi sitanii. Muulize kama huwa unanyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa kisha unashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Na wewe jiulize kama unaamka umechoka, au unasinzia mchana ukiwa umekaa. Njia ya hewa ikiziba usingizini, oksijeni inashuka na mwili unaitikia kwa kupandisha presha, tena na tena ndani ya usiku mmoja. Presha ya namna hiyo hukaidi dawa hadi usingizi utibiwe. Ushauri wa kucheka na kupunguza mawazo ni mzuri kwa maisha, ingawa mwenye presha mcheshi nimewaona wengi.

Sasa kuhusu kuacha dawa, ambalo ndilo swali lililo chini ya swali lako. Wapo wanaofanikiwa: waliopunguza uzito mwingi, walioacha pombe nyingi, waliokuwa na presha ya juu kidogo tu na dozi ndogo, au ambao chanzo kiligunduliwa kikaondolewa. Wewe ukiachana na diklofenaki ya vidonge na ukitibiwa usingizi, ikihitajika, huenda mahitaji yako ya dawa yakapungua kuliko tunavyodhani leo. Lakini utaratibu ni kukaa na namba nzuri kwa miezi mingi ukiwa kwenye dawa, kisha kupunguza hatua kwa hatua huku unapima nyumbani na daktari anajua. Nisingekuahidi. Kwa mwenye mama aliyepata kiharusi na mimba ya presha, nadhani uwezekano mkubwa ni kwamba utaendelea na dozi ndogo, na faida yake ni hii: kila 10 zinazoshushwa kwenye namba ya juu hupunguza viharusi kwa karibu robo. Lengo la kwanza liwe chini ya 140/90, kisha kuelekea 130/80 kama mwili unastahimili bila kizunguzungu cha kusimama.

Ukifika kliniki, omba pia vipimo kama havikufanyika: kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu na sodiamu, sukari, lehemu (kolesteroli), mkojo kwa ajili ya protini, na kipimo cha umeme wa moyo. Asilimia 90 au zaidi ya watu wenye presha hawana chanzo kimoja kinachoweza kuondolewa, lakini potasiamu ikikutwa chini bila dawa ya kukojoza, au presha ikigoma kwa dawa tatu, daktari atafute kwenye tezi zilizo juu ya figo na kwenye mishipa ya figo zenyewe. Mpaka siku hiyo ya miadi, mpigie aliyekuandikia umuulize kama unaweza kurudia amlodipini uliyoiacha wakati unasubiri; wengi watakubali, ila anayekujua ndiye aseme.

Usisubiri miadi yoyote ikiwa kifua kinauma au kinabana, pumzi inakatika, upande mmoja wa uso au mkono unalegea, maneno yanakwama au hayaeleweki, macho yanaingia giza ghafla, au kichwa kinauma kwa mkupuo kama hakijawahi kuuma. Hapo ni hospitali sasa hivi, hata kama dalili zimeondoka baada ya dakika kumi, na hata kama mashine inasoma vizuri. Ukikuta 180/120 au zaidi bila dalili hizo, kaa, tulia dakika kadhaa, pima tena. Ikibaki huko uonwe na daktari siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vitatu kwa mpigo, wala usikubali mtu akuwekee nifedipini, dawa ya presha inayofanya kazi haraka, chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla ubongo unaweza kukosa damu na kiharusi ulichokuwa unakikimbia kikaja kwa mlango huo.

Siku ya kwenda, beba daftari la zile siku saba kama umefika nazo, na mashine yenyewe ili ilinganishwe na ya kliniki. Weka kwenye mfuko dawa zote ulizonazo nyumbani, za goti zikiwa juu.